Shangazi Anajibu: Tule Wapi Kariakoo?

Toleo lililopita niliomba maswali ya kula na kunywa Kariakoo, na barua zimekuja nyingi. Mimi nimezaliwa Mtaa wa Mafia, nikaolewa Mtaa wa Sikukuu, na mahitaji yangu yote hadi leo nanunua hapahapa. Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina duka la nguo Dodoma, na kila baada ya miezi miwili nakuja Kariakoo kuchukua mzigo. Nakaa gesti siku tatu. Safari iliyopita tumbo lilinisumbua siku nzima hadi nikashindwa kufunga mzigo. Nile wapi? (Mama wa Duka, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Naona ulikula chakula ambacho saa yake ilikuwa imeshapita. Wateja wa mizigo mnazunguka Mtaa wa Kongo tangu asubuhi, njaa inawashika saa 10, mnakaa penye kiti cha kwanza mnachokiona na kuagiza wali nyama uliopikwa saa 4. Kwa joto la Dar, mchuzi uliokaa muda wote huo usiuguse. Ndiyo maana sitakutajia jina la hoteli. Nitakutajia saa.

Asubuhi kula supu. Kuanzia saa 12 utaiona inachemka kwenye masufuria makubwa, ya ng'ombe, ya makongoro au ya kuku, na pembeni chapati zinageuzwa. Usichague kwa kuangalia meza. Angalia mikokoteni imeegeshwa wapi. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekewa kambi hapa baada ya Wajerumani kuutoka mji mwaka 1916, na hadi leo hii ni mitaa ya watu wanaobeba. Kuli anayekwenda kusukuma magunia hadi jioni hakubali supu ya maji. Anataka mfupa wenye nyama, na akidanganywa leo, kesho hamwoni mtu pale. Kamua ndimu, weka pilipili kidogo, kula chapati mbili, utafika mchana bila kuyumba.

Mchana ni wa mama lishe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kaa kati ya saa 6 na saa 7 na nusu, usivuke hapo. Kabla ya kukaa muulize, "Leo kuna nini?" Akikutajia vyakula vitatu, kaa. Akikutajia kumi, mshukuru uendelee na safari, kwa sababu mtu mmoja na majiko mawili ya mkaa hawezi kuwa na vyakula kumi vilivyopikwa leo. Wa kwangu mimi anapika wali, maharage ya nazi na samaki wa siku hiyo, changu au kibua kadiri alivyopata soko la samaki la Feri, na mchicha. Basi. Wiki iliyopita nilikula wali maharage na mchicha kwa Sh 2,500 nikashiba hadi usiku. Tazama sufuria linapofunuliwa: mvuke ukipanda, pokea sahani. Tazama na maji ya kunawa, yawe ya kumiminiwa, yasiwe ya beseni moja mnalochovya wote.

Kachumbari ule mahali ulipoona inakatwa. Juisi ya miwa inywe, ni tamu na inakata uchovu, lakini simama pale mashine inapokamua, mwambie aweke ndimu na tangawizi, na umkatalie barafu. Ukitaka usiwe na wasiwasi kabisa, mtafute kijana wa madafu mwenye baiskeli. Dafu linakatwa mbele ya macho yako na hakuna mkono uliogusa maji yake. Ukimaliza kunywa mwambie alipasue, akuchongee kijiko kwenye ganda lake, ule na nyama.

Usiku unanunua kinachotoka motoni na kuja mkononi mwako: mishkaki, muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili, chipsi mayai. Pweza pia, kwenye zile meza ndogo, vipande vinachomwa kijiti na supu yake inanywewa kikombeni. Ila kwa mtu aliyetoka kuugua tumbo, pweza asubiri safari ijayo.

SWALI: Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 26, nimehamia Dar kikazi. Napenda sana kahawa ya mtaani, lakini vijiwe vyote vimejaa wanaume. Je, naruhusiwa kukaa? (Mpenda Kahawa, Ilala)

JIBU: Unaruhusiwa, na ukae.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Baba yangu alikuwa mtu wa kijiwe. Kila alasiri, akitoka kuswali, aliketi kwenye benchi pembeni ya nyumba na wenzake, drafti katikati, na mimi nikitumwa kumpelekea kofia au ufunguo nilibaki nimesimama ukutani nikisikiliza. Pale ndipo nilipojifunza habari za Yanga na Simba, bei ya karafuu, nani kafiwa, nani kauza kiwanja. Nilipofika miaka kumi na miwili nikaambiwa sasa wewe ni mwari, kahawa utaletewa ndani. Nikaletewa ndani miaka zaidi ya thelathini. Kahawa ni ileile, lakini mazungumzo yalibaki nje.

Baba alipofariki, siku ya arubaini yake nilikwenda nikakaa palepale alipokuwa anakaa. Mzee mmoja alisogea akanipa nafasi, hakusema neno. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake kama kawaida, akanimiminia, na kashata ya karanga juu. Tangu siku hiyo nakaa.

Fanya hivi. Chagua kijiwe chenye wazee, siyo cha vijana watupu. Fika baada ya alasiri, kama saa 10 na nusu. Toa salamu kwanza, shikamoo kwa kila mwenye mvi, kisha keti pembeni. Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, ina tangawizi, na utamu wake unatoka kwenye kashata, kwa hiyo usiombe sukari. Wakikuuliza umetoka wapi, wajibu, ni ukarimu wao huo. Ukipata anayekusumbua, nyanyuka bila kugombana, utembee mitaa miwili. Mji huu una vijiwe vingi. Siku ya tatu watakuwa wanakuwekea nafasi.

SWALI: Bi Shangazi, shikamoo. Natoka Mombasa, nitakuja Dar kwa harusi. Nisipokula mahamri na mbaazi asubuhi sioni kama kumekucha. Huko kwenu yapo? (Mgeni wa Harusi, Mombasa)

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu. Yapo, lakini huku ukisema mahamri wengi watakuletea maandazi, na hivyo si vitu sawa. Maandazi yetu ya barabarani mengi ni unga, sukari na hamira. Uliza hivi: "Yana iliki? Yamekandwa kwa tui?" Anayeelewa swali ndiye mwenye kitu chako. Mbaazi za nazi utazikuta kwa akina mama wanaouza vitafunwa mlangoni asubuhi, pamoja na vitumbua na mkate wa kumimina. Kufika saa 3 vimekwisha. Na kwa kuwa umekuja kwa harusi, usijaze tumbo sana: pilau la harusi la Kariakoo linaanza kunukia mapema.

SWALI: Shangazi, nilisoma Dar zamani, na kila mchana nilikula kwa mama mmoja karibu na soko kubwa. Samaki wake wa nazi sijapata mfano. Nimerudi mwaka huu sikumwona yeye wala meza yake. Nimtafuteje? (Mwanafunzi wa Zamani, Songea)

JIBU: Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu mimi pia nilipotelewa.

Soko lile, lililochorwa na Beda Amuli wetu na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa kama miamvuli iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Miezi michache baadaye wamachinga wakaondolewa pembezoni mwa barabara jijini. Waliondoka na meza zao, na walaji wao wakabaki hawajui pa kwenda. Magazeti yaliandika juu ya bidhaa na vibanda. Juu ya masufuria sikuona mengi, na kila sufuria lile lilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Usikate tamaa. Mama lishe hahami mbali na wateja wake. Anaingia ndani. Ujue kwamba chakula cha Kariakoo hakikuanzia barabarani. Kilitoka uani, kwenye zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, ambako bibi zetu walipikia na kupitisha sahani mlangoni. Nyumba zimebomolewa, yamesimama maghorofa, lakini uani haujafa. Ingia kwenye ujia wowote kati ya maduka saa 6 mchana, fuata harufu ya nazi, utakuta jiko nyuma ya marobota ya mitumba.

Uliza muuza kahawa, kwa kuwa yeye anazunguka kila ujia na anajua nani anapika wapi. Uliza na makuli wa zamani. Usiulize jina tu, maana wengi tuliwajua kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na akina mama wenye jina hilo ni wengi. Taja chakula: "yule wa samaki wa nazi aliyekuwa upande wa soko." Mimi wangu nilimpata hivyo, baada ya miezi minane. Muuza kahawa alinishika mkono, akanipitisha duka la nguo za watoto Mtaa wa Mchikichi, tukatokea nyuma chini ya ngazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Aliniangalia, akasema, "Umechelewa, mchicha umeisha," kisha akalia, na mimi nikalia.

Sasa nakula pale kila Jumanne na Ijumaa. Ukija, wahi kabla ya saa 7. Samaki wa nazi anapika sufuria moja tu.