Maswali na majibu: ukuta unaotoa unga, sarafu ya mchangani na mlango wa babu

Assalamu alaikum. Nyumba ya bibi yetu iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta wa ukumbini unatoa unga mweupe na lipu inabanduka. Ulishapigwa saruji miaka sita iliyopita. Fundi anasema tupige tena, safari hii nene zaidi. Tumsikilize?
*Mjukuu, Mji Mkongwe*

Waalaikumu salaam, mjukuu. Msimsikilize katika hilo. Nyumba ya bibi yenu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji: ya ardhini, ya mvua, ya bafu la ghorofani. Chokaa huyaachia yatoke taratibu, ukuta ukakauka. Saruji huyaziba. Yakikosa njia yanabaki ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikiganda inaisukuma lipu mpaka inadondoka na uso wa jiwe. Huo unga mnaoufagia kila asubuhi ndiyo chumvi yenyewe. Saruji nene zaidi itazidisha maradhi.

Lipu hainitishi sana. Kinachonitisha ni boriti. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, na vichwa vyake vimelazwa ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa, vichwa vinaoza bila mtu kuona. Katika nyumba moja nilisukuma msumari kwenye kichwa cha boriti kwa kidole gumba tu, ukazama wote. Chumba cha juu walikuwa wanalala watoto watatu.

Kwa hiyo anzeni juu. Pandeni darini mvua inaponyesha mwone maji yanapitia wapi. Tazameni mlizamu kama umeziba au unamwaga ukutani, halafu bomba za bafu. Maji yasipozuiwa, kazi nyingine yote ni kutupa fedha. Kisha nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mwombe kibali na ushauri kabla ya kugonga chochote, na mwombe mtu mwenye ujuzi azikague boriti. Saruji ya zamani itolewe kwa tindo na mkono mwepesi, ukuta uachwe ukauke, hata kama ni miezi. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa muda mrefu, kwa mchanga uliooshwa. Mchanga wa pwani usiooshwa unarudisha chumvi ileile mliyoikimbia. Ipigwe nyembamba nyembamba, ifunikwe magunia mabichi isikaushwe na jua. Na fundi alinde macho yake, chokaa inaunguza.

Msichelewe. Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa tayari kwenye matengenezo upande wake ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Watu wawili walikufa.

Nimeokota sarafu ndogo ya shaba ufukweni Kilwa Kisiwani. Kuna mtu anataka kuinunua. Niisafishe kwanza kwa ndimu?
*Kijana wa Kilwa Masoko*

Ndimu weka kwenye samaki, mwanangu. Asidi inakula maandishi, na maandishi ndiyo yote. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na upande mmoja una maneno yanayolingana kwa vina na ya upande wa pili, kama mishororo ya shairi. Mtu aliyeishika sarafu hiyo sokoni alishika jina la mtawala wake na ubeti mkononi. Ilivyo ndogo, imesafiri: sarafu ya Kilwa imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia.

Sarafu hizo hazina tarehe. Mtaalamu anajua umri wake kwa jina lililoandikwa na kwa mahali ilipolala: udongo gani, karibu na kigae gani, chini ya ukuta upi. Ukishaiuza, swali la mahali limekufa. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni mali kale, na aliyekigundua anatakiwa kutoa taarifa. Ifunge kwenye karatasi laini bila kuisugua, andika siku na sehemu ulipoiokota, uipeleke kwa maofisa wa hifadhi hapo Kilwa. Usirudi kuchimba. Najua mnunuzi ameshakuonyesha fedha na mimi nakuonyesha karatasi. Hata hivyo nakuomba.

Zahanati yetu haina dawa. Kwa nini serikali itumie fedha kwa magofu?
*Mama wa watoto wanne, Lindi*

Dada, sitakwambia magofu yanatangulia dawa. Mtoto mgonjwa anatangulia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba matunzo ya mapema ni rahisi kuliko uokoaji. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa vyenye magofu ya miji ya kale, ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kufikia 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zikianguka na bahari ikila ufukwe. Zilitolewa humo mwaka 2014, baada ya miaka kumi ya kazi. Mizizi ya mti ulioota kwenye ukuta wa gofu ikikatwa ingali nyembamba kama kidole, ni kazi ya panga na asubuhi moja. Na kazi hiyo wapewe watu wa kisiwani, walipwe, ili fedha ya magofu ifike jikoni kwa mtu kama wewe.

Mfanyabiashara anataka mlango wa kuchongwa wa nyumba ya babu, Bagamoyo. Atatuwekea mpya wa chuma. Ndugu wamegawanyika.
*Mtoto wa tatu*

Sheria niliyoitaja hapo juu inaulinda pia mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuuuza au kuutoa nje ya nchi kunataka kibali, kwa hiyo kabla ya kugombana waulizeni Idara ya Mambo ya Kale. Kwa upande wangu: ubaki. Mlango ule ulichongwa kwa ajili ya ukuta ule. Mkihofia mchwa, kagueni kizingiti cha chini, ndicho hushambuliwa kwanza. Msiupake rangi ya mafuta.

Vitu vyetu vilivyochukuliwa vikapelekwa Ulaya vitarudi kweli?
*Mwalimu wa historia, Mtwara*

Vingine vimerudi, Mwalimu, na kimoja kinawahusu watu wa kwenu. Kinyago cha Wamakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Kikaja kuonekana Uswisi, katika makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na baada ya madai ya miaka mingi kikarudi mwaka 2010.

Kile kilidaiwa kwa sababu kilijulikana kilikaa wapi. Linganisha na vigango vya Mijikenda huko Kenya, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, ambazo ziliibwa na kuuzwa mpaka Marekani. Baadhi vimerejeshwa, lakini vingine hakuna anayejua viling'olewa kijiji gani wala ni vya mzee yupi. Kigango kimerudi nchini na hakijafika nyumbani. Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Una wanafunzi na wana simu. Watume kwa babu na bibi zao wapige picha ya ngoma, kinyago, kiti au mtungi: mbele, nyuma na pale penye ufa au alama. Waandike urefu, nani alikitengeneza, kilitumika lini, kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Nakala moja ikae shuleni, nyingine mpelekee ofisa utamaduni wa wilaya. Anza na bibi aliye mzee kuliko wote.