Visanduku vya mwisho kwenye fomu: matembezi ya kongamano katika visiwa vya Ugiriki

Fomu ya kujisajili kwa kongamano inachosha. Ukishajaza jina la chuo, kichwa cha mada, ada na namba ya pasipoti, unafika chini kabisa ambako kuna visanduku vinne vitano vya kutia tiki: tafrija ya ukaribisho, chakula cha jioni cha kongamano, matembezi ya nusu siku, safari ya boti. Wakati huo akili iko kwenye viza na nauli, basi unatia tiki vyote na kutuma. Mimi nilifanya hivyo mwaka nilioenda Rhodes, na ujinga huo niliulipia bandarini, mbele za watu.

Tangu hapo nimerudi Ugiriki mara mbili, zote Krete. Namwandikia mwenzangu ambaye ikisiri yake imekubaliwa na sasa anaikodolea macho fomu ile ile. Waandaaji si watu wabaya, ila ratiba yao ya burudani wanamwandikia mtu mwenye pasipoti ya Ulaya, anayekunywa mvinyo, anayekula kila kitu, na ambaye hela ya matembezi anaitoa mfukoni bila kumweleza mtu. Wewe unaisoma ratiba hiyo hiyo ukiwa mtu mwingine.

Tuanze na aibu yangu. Rhodes iko jirani mno na Uturuki. Asubuhi hewa ikiwa safi unaiona milima ya ng'ambo ukiwa umesimama gatini. Ndiyo maana siku ya mwisho tuliwekewa safari ya Marmaris, mji wa Uturuki, kama saa moja hivi kwa boti ya kasi. Kwa Mjerumani hayo ni matembezi. Kwangu mimi mwenye pasipoti ya Tanzania ilikuwa ni kutoka katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Nilipofika dirishani, askari aliifungua viza yangu, akaweka kidole chini ya tarakimu 01, akasema kwa upole: "Ukitoka leo, hurudi." Begi langu lilikuwa hotelini, na tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilipitia Athens. Boti ikaondoka, nami nimebaki na mfuko wa karatasi wenye mkate, yai la kuchemsha na chungwa. Kampuni iliyouza safari haikurudisha hata senti.

Kwa hiyo kabla ya kisanduku chochote chenye neno boti, fungua viza yako utazame sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, ukivuka mpaka imekwisha kazi. Ikiandikwa MULT, unaweza kutoka na kurudi ndani ya siku ulizopewa, ila Uturuki nayo ina masharti yake ya kuingia, uyaangalie mapema. Ukiwa Kos mtego ni ule ule, safari hiyo inaitwa Bodrum, nako ni Uturuki. Kisiwa cha Symi, hata kama kwenye ramani inaonekana imo mdomoni mwa Uturuki, ni Ugiriki, nenda zako.

Siku ile nilikula yai langu nikaingia Mji Mkongwe wa Rhodes peke yangu. Mtaa wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wale wanajeshi wa Kikristo walioitawala Rhodes kabla ya Waturuki, umetandikwa mawe tangu juu hadi chini, na juu yake liko kasri la mkuu wao. Lile kasri linang'aa mno kwa umri linaodaiwa kuwa nao, na sababu ni kwamba lilibomolewa na mlipuko wa baruti mwaka 1856, Waitalia wakalijenga upya kati ya 1937 na 1940. Sultani Suleiman wa Waturuki aliuteka mji mwaka 1522, na msikiti wenye jina lake, wenye rangi ya waridi, uko mwisho wa mtaa wa maduka. Matembezi yote hayo yalikuwa ya miguu tu.

Chakula cha jioni cha kongamano sikikosi kamwe, ila ujue kinavyokwenda. Kinaanza saa 3 usiku, wakati mwingine saa 3 na nusu. Kula kitu kidogo saa 12, la sivyo utafanya nilivyofanya mimi, kushiba mkate kabla nyama haijatoka. Sahani zinawekwa katikati ya meza, kila mtu anachota, na zinakuja kwa mafungu. Krete wanaanza na dakos, mkate mkavu wa shayiri uliowekewa nyanya ya kukuna na jibini. Kisha ikaletwa bakuli ya majani yaliyochemshwa, yamemwagiwa mafuta ya zeituni na kukamuliwa limau. Nikaonja. Nikaonja tena. Nikamuuliza mhudumu, akasema vlita, akanitafutia picha kwenye simu yake. Mchicha! Mchicha huu huu tunaouziana kwa fungu. Nimepanda ndege tatu kwenda kula mchicha, na kusema kweli ulikuwa mtamu, maana wao hawaupiki mpaka ukavurugika.

Kwa Waislamu wenzangu: souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuzungushwa motoni), usipoambiwa vinginevyo, hesabu ni nguruwe. Hirino ndiyo nyama ya nguruwe, kotopulo ni kuku. Kwenye fomu usiandike "halali" ukaishia hapo, jikoni wanaweza wasijue unataka nini hasa. Fafanua: sili nguruwe, sitaki pombe kwenye chakula, samaki ni sawa. Ukikwama mezani, taja neno nistisima, yaani vyakula vya mfungo. Waorthodoksi wana mifungo yao isiyo na nyama, maziwa wala mayai, lakini pweza na ngisi ruksa, kwa hiyo wapishi wanaijua orodha hiyo kwa kichwa. Mwisho wa mlo inaletwa raki, pombe kali ya kienyeji, pamoja na matunda, bila malipo. Kuikataa si tusi: mkono kifuani, tabasamu, chukua kipande cha tikiti.

Kisha inaingia lira, ile fidla ndogo ya Krete inayosimamishwa gotini, na watu wanaunda duara wameshikana mabega. Usibaki ukutani na simu unapiga video. Usiku ule nilijikuta nimemshika bega profesa niliyekuwa namwogopa tangu asubuhi, kumbe naye hatua zilikuwa zinamshinda vibaya. Maswali niliyoshindwa kumuuliza ukumbini nilimuuliza pale, tukiwa tunahema.

Matembezi chagua moja, mawili yakizidi. Knossos, magofu ya kasri la kale, iko kama kilomita 5 tu kutoka Heraklion, mji mkuu wa Krete, na basi namba 2 linafika. Huhitaji kulipia basi la kongamano isipokuwa bei inajumuisha mwongozaji. Akiwepo mwongozaji, lipa, maana bila yeye utaona mawe na saruji. Saruji ni ya Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba pale mwaka 1900 na kujenga upya sehemu za kasri alivyodhani zilikuwa. Michoro ya ukutani utakayoiona pale ni nakala. Halisi zimo kwenye jumba la makumbusho la Heraklion, pamoja na kisahani cha Phaistos, cha udongo chenye maandishi, kilichopatikana 1908 ambacho hadi leo hakuna aliyekisoma tukakubaliana. Nenda makumbusho kwanza.

Korongo la Samaria nililitia tiki kwa kiburi. Mimi mtoto wa Tanga, Lushoto nimepanda na kushuka tangu shule ya msingi, kilomita 16 zitanifanya nini? Zilinifanya. Unaanzia kwenye baridi, zaidi ya mita 1,200 juu, unashuka juu ya mawe yanayoteleza hadi baharini kwenye kijiji cha Agia Roumeli, na huko hakuna barabara. Unasubiri boti ya jioni ikupeleke kijiji chenye basi. Tuliondoka usiku wa manane unaisha, tukarudi usiku umeingia. Kesho yake nilitoa mada nimeshikilia meza. Kama zamu yako ya kuzungumza ni kesho, achana nalo. Na raba si hiari.

Spinalonga ni tofauti na hayo. Ni kisiwa kidogo chenye ngome ya Waveneti, kilichokuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma kuanzia 1903 hadi 1957. Kwenye ratiba yetu kiliandikwa "boti, kuogelea na nyama choma". Unapita kwenye handaki la mlangoni walimopita watu walioambiwa hawatatoka, halafu saa moja baadaye unapewa mshikaki. Nenda, lakini jiandae na mchanganyiko huo.

Bora kuliko vyote havikuwa kwenye ratiba. Mwenzangu Mkenya, mtoto wa mchungaji, alitaka kuona kanisa la Tito, yule yule aliyeandikiwa waraka na Paulo na kuachwa Krete. Lipo katikati ya Heraklion, na ndani wanahifadhi fuvu la kichwa chake, lililorudishwa kutoka Venice mwaka 1966. Yeye alisimama mbele ya Tito. Mimi niliangalia kuta, kwa kuwa jengo lile lilijengwa kama msikiti wakati wa Waturuki, baada ya tetemeko la 1856. Tulikaa humo robo saa kila mtu na lake, bila kulipa kiingilio.

Kanga usiiache hotelini. Kwenye monasteri wanataka mabega na magoti yafunikwe. Wenzetu walikuwa wanapanga foleni ya kuazima sketi za mlangoni, mimi nikafungua mkoba. Kwenye boti ikawa shuka, pwani ikawa mkeka.

Julai na Agosti kuna upepo wanaouita meltemi, ukichachamaa bandari inazuia boti. Usipange kisiwa kingine siku moja kabla ya ndege yako. Santorini ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Krete siipendekezi hata upepo ukitulia, siku nzima inaishia kwenye viti vya feri.

Na masurufu. Omba risiti mbili, ya ada na ya burudani. Mimi nililetewa moja iliyochanganya, mhasibu akaikataa yote, na marejesho yakanisumbua hadi Desemba.

Wiki iliyopita nimejisajili tena, safari hii Kos. Kisanduku cha boti nilikiacha wazi nikawaandikia kwanza: inatia nanga nchi gani? Jibu likaja usiku: Bodrum. Chini yake wakaongeza kwamba suala la viza halikuwajia akilini, na kwamba wataweka boti nyingine ya Kalymnos kwa watakaopenda. Kalymnos ni Ugiriki, kisiwa cha wazamiaji wa sifongo. Nimetia tiki.