Je, Pitman ndiye aliyemponza Crisp?

Ndugu, umeuliza kama ni haki kumbebesha joki (mpanda farasi) Richard Pitman lawama za farasi wake Crisp kupitwa mwishoni mwa Grand National ya 1973, mbio za farasi za kuruka viunzi huko Aintree, Uingereza, ukisema "alimwachia farasi mbio mapema mno." Hapo kwenye mwendo sikubaliani nawe. Crisp alikuwa jitu la kutoka Australia, farasi wa kupenda kuongoza. Ukimkaba hatamu njia nzima, anapigana nawe na nguvu zinaishia kinywani. Isitoshe, aliruka vile viunzi 30 vya Aintree kama anaruka mfereji wa shambani.

Kosa la kweli liko baada ya kiunzi cha mwisho, na Pitman mwenyewe amelikiri. Farasi amekwisha, miguu inayumba, naye akaachia hatamu kwa mkono wa kulia ili amchape. Crisp akapinda kushoto, wakati njia ya kwenda kumaliza ilikuwa kulia. Kumrudisha kukala hatua kadhaa. Red Rum, farasi aliyempita, alishinda kwa robo tatu tu ya urefu wa farasi!

Lakini kabla hujamwita joki mjinga, tazama mizigo, yaani uzito ambao kila farasi alipangiwa kubeba. Crisp alibeba kilo 76, Red Rum akiwa na pungufu ya kilo 10 hivi. Na wote wawili waliivunja rekodi ya muda. Rudia video ukitazama mikono ya joki, achana na mkeka wako uliochanika. Mimi ningempanda vilevile, ila fimbo ningeiacha ilale.