Vichochoro vya Lamu na Nyua Zake: Majibu kwa Wasomaji

Mbona vichochoro vya Lamu ni vyembamba vile? (Msomaji, Nakuru)

Mji ulijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na punda. Kuta za ghorofa zikikaribiana, jua hufika chini kwa muda mfupi tu, adhuhuri. Pita mtaa wa Mkomani saa nane mchana, kisha utokee pwani kwenye gati, na ngozi yako itakueleza. Hapa na pale utapita chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa, wanawake wapate kutembeleana bila kushuka mtaani.

Nilizunguka mchana kutwa nikaona kuta tupu na milango. Watu wanaishi wapi? (Msomaji, Dodoma)

Nyuma ya kuta hizo hizo. Mlangoni kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, lenye baraza za mawe pande mbili; mgeni wa mazungumzo ya kawaida huishia hapo. Ukikaribishwa ndani, njia inapinda, na imepindishwa makusudi: hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni kitu. Halafu unatokea uani, peupe, mbingu juu yako. Mwanga na hewa ya nyumba huingilia hapo. Mbele ya ua ipo misana miwili, yaani kumbi ndefu, iliyofuatana, kisha chumba cha ndani, na kila uzidipo kuingia mwanga hupungua na faragha huongezeka. Huko ndani kabisa ndiko kwenye zidaka, safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, ambamo zilipangwa sahani za Kichina. Kwangu mimi, hakuna ukuta mzuri kuliko huo katika pwani yetu yote.

Usiingie ua wa mtu bila hodi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya wanayo nyumba ya karne ya 18 iliyo wazi kwa wageni, anzia hapo.

Vyumba virefu lakini vyembamba, kwa nini? (Msomaji, Tanga)

Sababu ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, nayo haistahimili uzito ikivuka mita tatu hivi. Basi fundi alirefusha chumba, hakukipanua.

Zanzibar si vivyo hivyo? (Msomaji, Muscat)

Ni ndugu, si pacha. Mji Mkongwe una maduka yanayofungukia njiani na roshani za mbao za Kihindi. Nyumba ya kale ya Lamu huipa njia mgongo.

Tumerithi nyumba ya mawe Lamu, lipu inabanduka. Fundi ashauri saruji. Tukubali? (Msomaji, Mombasa)

Msikubali, tafadhali. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu na kuutoa, na chokaa huupisha. Saruji huuziba, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu mpya huanguka pamoja na vipande vya jiwe. Tafuteni fundi anayejua chokaa, anayeiacha ikae na maji kabla ya kuipaka, na anayepaka tabaka nyembamba nyembamba. Kagueni paa kwanza: maji yakipenya, ncha za boriti ukutani huoza kabla hamjaona ufa. Na kwa kuwa mji mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, pitieni ofisi ya Makumbusho mjini kabla ya kugusa mlango wala zidaka.