Dodoso la PHQ-9: je, alama 10 ni ileile kwa mzazi, kijana na mzee?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati. Tunapima sonona kwa dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya alama 0 hadi 3 kila moja, na tulifundishwa kwamba kuanzia alama 10 mtu ahesabiwe mgonjwa. Juzi mama aliyejifungua wiki sita zilizopita amepata 12. Mwanafunzi wa miaka 16 amepata 7, ila mama yake analalamika kijana amekuwa mkali, haambiliki. Mzee wa miaka 71 mwenye kisukari amepata 11. Je, alama 10 ina uzito uleule kwa wote? Na mzee nimwanzishie amitriptilini, ile dawa ya sonona? Ndiyo tuliyonayo. Majibu yao ya kila swali nimeyaambatanisha, bila majina.

JIBU: Ndugu muuguzi, umefanya vizuri kutuma majibu yenyewe, maana jumla peke yake isingenisaidia.

Naanza na mzee. Swali la tisa, lile la kuona afadhali kufa au kujidhuru, amejibu "siku kadhaa". Hapo jumla haina kazi tena. Hata angepata 3, anapaswa kuulizwa palepale na kwa maneno ya wazi: unawaza kujiua? Umefikiria utafanyaje? Nyumbani kuna sumu ya shambani? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kama hukumuuliza, mfuate leo. Akiwa na mpango asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na ndugu.

Amitriptilini usimpe. Kwa umri wake inaweza kuziba mkojo, hasa kama tezi dume imekua, kumletea kizunguzungu akisimama hadi aanguke, hata kumchanganya akili. Tena ikimezwa nyingi huvuruga mapigo ya moyo na kuua, na mtu anayewaza kifo hapewi vidonge vya mwezi mzima aende navyo nyumbani. Zungumza na daktari kuhusu fluoksetini au dawa ya jamii yake, kwa dozi ndogo, na sodiamu ya damu ifuatiliwe kama maabara inaweza. Kabla ya hapo pima sukari. Uchovu, na usingizi unaokatika kwa kwenda haja ndogo, vinaweza kuwa kisukari kilichopanda tu. Ndiyo sababu wazee wana dodoso lao, GDS, ambalo toleo lake fupi lina maswali 15 ya ndiyo au hapana, na karibu yote yanahusu moyo: maisha kuwa matupu, kujiona huna thamani, kukata tamaa.

Sasa huyo mzazi. Alama zake 12 zimetoka wapi? Usingizi 3, uchovu 3, kula 2, umakini 2, mwili mzito 2. Maswali mawili ya kwanza, la kukosa raha na la huzuni, yote sifuri! Bila angalau mojawapo ya hayo hatuandiki sonona, na mtoto wa wiki sita haachi mtu alale. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lililotungwa kwa ajili ya wazazi, halina kabisa maswali ya uchovu na hamu ya kula. La usingizi limebaki, lakini linauliza kama huzuni ndiyo inayomnyima mtu usingizi. Muulize hivi: mtoto akilala na bibi yake yupo, wewe usingizi unakuja? Anayebaki macho hata hapo, nitamhofia. Mpime wingi wa damu pia, kisha umpime upya kwa Edinburgh akileta mtoto chanjo ya wiki ya 10.

Kijana ni kinyume chake. Katika toleo la vijana la PHQ-9, swali la huzuni limeongezewa kukasirika ovyo. Lenu la watu wazima halina, kwa hiyo ukali anaoulalamikia mama haukuhesabiwa. Ila msikimbilie kushusha kizingiti: utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, uliona 11 inafaa kuliko 10. Mwite bila mama yake, umuulize kuhusu shule, marafiki, mapenzi, bangi, kipigo, na lile swali la tisa. Dawa si hatua ya kwanza kwa umri huo. Kenya, mpango wa Shamiri ulitumia vikao vinne tu vya vikundi shuleni, vikiongozwa na vijana waliotoka kumaliza sekondari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Kwenu, mwalimu wa malezi anaweza kuwa mlango wa kuanzia, kijana mwenyewe akikubali. Arudi baada ya wiki mbili, maana dodoso linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Ukimpima mapema zaidi utakuwa unahesabu siku zilezile mara mbili.