Fundi, mbona 4K ina mchanga na DVD ya zamani ni safi?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nina kibanda cha PS hapa mtaani, na Ijumaa usiku michezo ikiisha huwa ninawawekea vijana filamu ya kutisha. Binamu yangu aliyekuja kutoka Marekani ameniletea Night of the Living Dead, lile toleo la 4K (diski yenye pikseli nyingi kuliko Blu-ray) la kampuni ya Criterion. Nimeliweka kwenye PS5, TV ni ya inchi 55. Picha imejaa mchanga unaotetemeka, hasa angani na kwenye kuta, halafu kuna mapengo meusi kulia na kushoto. DVD yangu ya zamani niliyonunua mjini kwa sh. 50 ni nyororo na inajaza skrini. Vijana wananicheka, wanasema binamu alipigwa. Tena DVD inaisha dakika nne mapema. Je, hii 4K imeongezwa vipande? Na diski mbili za Blu-ray zilizo kwenye boksi hilohilo zimekataa kucheza. Nimrudishie?

JIBU: Usimrudishie chochote. Aliyepigwa ni wewe, tena zamani, siku uliyotoa zile sh. 50.

Huo mchanga ndio filamu yenyewe. Picha hii ilipigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 35, na filamu ya aina hiyo hubeba picha kwa chembe za fedha, yaani madini, si pesa. Ikishapigwa mwanga na kuoshwa kwa dawa, chembe hizo hugeuka nyeusi na kukusanyika ovyo, wala hazikai mahali pamoja katika fremu mbili, yaani picha mbili zinazofuatana. Fremu 24 zikipita kwa sekunde moja, jicho linaona kama zinacheza. Angani na ukutani unaziona zaidi kwa sababu hapo hakuna kingine cha kutazama. Kwenye nyasi za makaburini, mwanzoni kabisa, zipo vilevile, ila zimejificha ndani ya majani.

Hapa Kisumu tunajua kupara samaki: unaondoa magamba, ngozi unaiacha. Anayesafisha filamu vizuri huondoa vumbi, mikwaruzo na madoa, kisha anaweka kisu chini. Aliyetengeneza DVD yako, au yeyote aliyeshika nakala kabla yake, alipara mpaka akafika kwenye mnofu.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuungua mwenyewe. Kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye flashi, nyingi za harusi na mazishi. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa Kondele aliniletea kanda ya harusi yake. Ilikuwa na vitone vingi, nami nikaipitisha kwenye programu ya kuvifuta, nikaipandisha mpaka mwisho. Picha ikatoka nyororo kama siagi, nikajipongeza. Mama akaitazama pale kaunta, akanyamaza kidogo, akaniuliza, “Na mvua iko wapi, mwanangu?” Kumbe siku ile walitoka kanisani kwenye manyunyu, na kwake manyunyu hayo ndiyo yalikuwa baraka ya ndoa. Programu haijui baraka. Iliona vitone vinavyobadilika kila fremu, ikavihesabu uchafu. Nilirudia kazi yote bila kumtoza hata shilingi.

Sasa fanya jaribio mbele ya hao vijana. Tafuta pale Ben, shujaa wa filamu, anapopigilia mbao milangoni na madirishani, usimamishe picha. Kwenye 4K tazama mistari ya ndani ya ubao, jinsi inavyopinda kuzunguka mafundo. Weka DVD, simamisha palepale. Ubao ukiwa umelala kama kadibodi, na kando yake kuna mstari mweupe kama wa chaki, basi picha ilifutwa kisha ikaongezwa ukali kwa nguvu ili kulidanganya jicho. Halafu sogeza 4K fremu moja moja. Chembe lazima zibadilike kila fremu. Chembe zikiganda ukutani huku mtu anatembea mbele yake, kana kwamba unatazama kupitia dirisha la matatu lenye vumbi, hapo mashine imepita.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni uso wa Duane Jones, yule anayeigiza Ben. Mwaka 1968 mtu mweusi kushika nafasi ya shujaa katika filamu kama hii lilikuwa jambo nadra, na sehemu kubwa ya hadithi inatokea usiku, ndani ya nyumba. Kila filamu inaponakiliwa kutoka nakala nyingine, tofauti ya mwanga na giza inazidi: vyeupe vinaungua, vyeusi vinagandamana. Wa kwanza kuumia ni yeye. Katika nakala mbovu anaingia kivulini na uso wote unakuwa bonge moja la giza. Sisi wenye ngozi hii tunaujua ujinga huo tangu picha za darasa la nane. Kwenye toleo zuri utaona jasho kwenye paji la uso, na mkunjo unaotokea kabla hajamfokea yule mzee anayetaka wote wajifungie chini ya nyumba. Toleo likimpokonya mwigizaji uso wake, mimi sina haja ya kujua lina K ngapi.

Ikiwa hata kwenye 4K uso wake ni mweusi tii, usilaumu diski kwanza. Picha ya video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe mpaka 235, ilhali michezo na kompyuta mara nyingi hutumia 0 mpaka 255. PS5 ikituma kwa hesabu moja na TV ikapokea kwa nyingine, vivuli vyote vinamezwa. Ingia kwenye mipangilio ya PS5, upande wa skrini na video, tafuta palipoandikwa “RGB Range”, uache kwenye “Automatic”. Ikigoma, weka “Limited”. Kisha shika rimoti ya TV. Najua kibanda cha PS: TV iko kwenye “Vivid” au “Game” tangu itoke dukani. Weka “Movie” au “Cinema”, shusha “Sharpness” karibu na sifuri, zima kinachoandikwa “Noise Reduction” na kile cha kulainisha mwendo. Ukali ukiwa juu, TV inazichonga zile chembe mpaka zinakuwa changarawe. Nashuku nusu ya kicheko cha vijana wako kinatoka hapo. Nusu nyingine inatokana na wao kukaa mita moja kutoka kwenye skrini ya inchi 55.

Kwa nini filamu moja iwe na nakala mbovu nyingi hivyo? Mwanzoni iliitwa Night of the Flesh Eaters. Wasambazaji walipobadilisha jina, ile alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la kwanza ikaachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kosa hilo liliifanya filamu kuwa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Kila mwenye mashine akanakili, akanakili nakala, akauza. Ndipo jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, shirika la kuhifadhi filamu, wakairudia kutoka kwenye negativu halisi ya kamera, yaani ile filamu iliyopita ndani ya kamera yenyewe, kwa 4K, na kazi hiyo ikaonyeshwa 2016. George Romero aliyeiongoza alishiriki kuisimamia kabla ya kufariki 2017. Criterion waliitoa kwa Blu-ray 2018, na hilo boksi lako la 4K likatoka 2022. Kwa hiyo jina la filamu kwenye ganda halikuambii kitu, na neno “rimasta”, yaani imesafishwa upya, ndilo rahisi kuchapisha kuliko yote. Uliza imetoka wapi: negativu, au nakala ya nakala? Ganda lisilosema, mara nyingi lina sababu ya kunyamaza.

Mapengo meusi ni halali. Picha ilipigwa kwa umbo la karibu mraba, 1.37 kwa 1, na TV yako ni 1.78 kwa 1. DVD inayojaza skrini imefanya moja kati ya mawili: imewanyoosha watu wakawa wanene, au imekata juu na chini. Ikiwa imekata, karibu robo ya picha haipo. Tazama vichwa tu.

Dakika nne nazo ni hesabu, wala hakuna kipande kilichoongezwa. Filamu ina dakika 96 kwa fremu 24 za sekunde. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika kwetu na Ulaya, huikimbiza kwa fremu 25. Zidisha 96 kwa 24, gawanya kwa 25, unapata 92 na ushee. Sauti nayo inapanda kidogo. Sikiliza Ben kwenye zote mbili utamsikia mwembamba kwenye DVD. Na usishtuke 4K isipokuzungushia sauti chumbani, hiyo ya mono, yaani ya njia moja tu, ndiyo ya asili.

Kuna kijana atakuja na flashi akuambie naye ana 4K, GB 2 tu. Mwambie dakika 96 ni sekunde 5,760, na GB 2 zikigawanywa humo zinabaki megabiti 3 hivi kwa sekunde. DVD ya kawaida inaruhusiwa mpaka 9.8. Hata kwa mbinu za kisasa za kubana, chembe hazina pa kukaa, zinafutwa kwanza. Pikseli zipo, picha haipo.

Sasa zile diski mbili zilizogoma. Diski za 4K hazina mipaka ya kanda, yaani maeneo ya dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza, ndiyo maana yako imecheza. Blu-ray za kawaida zinayo: za Criterion za Marekani ni kanda A, nasi Kenya tuko kanda B, na PS5 haibadilishwi kanda. Utahitaji mashine ya Blu-ray ya kanda zote. Kabla ya kuinunua, jua kwamba filamu yenyewe tayari unayo kwenye ile ya 4K. Blu-ray zinabeba filamu hiyohiyo na nyongeza, ikiwemo nakala ya kazi ya awali waliyoiita Night of Anubis. Mimi ningemwomba binamu, akirudi tena, aje na mashine.