Barua kwa mwanangu: huruma inakomea wapi?

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Old Moshi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, nikaona nisiujibu kwa haraka kwenye simu. Umeniuliza, "Mama, huruma ya Mkristo inakomea wapi?" Unasema mshahara ukiingia tu unakuta magrupu ya michango yanakusubiri: harusi, msiba, matibabu. Ukishuka kwenye daladala kuna wanaoomba, ukifika kanisani kuna ahadi ya ujenzi. Umesema pia kwamba siku hizi ukimwona mtu mwenye shida unageuza macho, na kwamba hilo linakutisha kuliko kuishiwa hela.

Nianze na hayo macho. Habari ya Msamaria katika Luka sura ya 10 umeisikia tangu Shule ya Jumapili, na pengine kwa kuizoea umeacha kuisoma. Isome tena polepole. Wote watatu walimwona yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Kuhani alimwona, akapita kando. Mlawi, mtumishi wa hekaluni, naye akamwona, akapita kando. Msamaria alimwona, akamhurumia, akamkaribia. Wala nisiwaonee wale wawili: barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni mteremko mkali wa nyikani, mtu anashuka zaidi ya mita 1,000, na wanyang'anyi walikuwepo kweli. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini Msamaria alipita njia ile ile, na hatari ilikuwa ile ile.

Sasa angalia alitoa nini, maana jibu lako liko hapo. Alitoa mafuta na divai alivyokuwa navyo safarini. Alimpandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Asubuhi akatoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kisha akaendelea na safari yake. Mnyama hakumuuza, shughuli zake hakuziacha, wala hakukaa pale barabarani kungoja majeruhi wengine. Mzigo uliobaki alimkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akamwambia kitakachozidi atalipa atakaporudi. Yesu hakuona upungufu wowote katika hilo. Alimwambia yule mwanasheria aliyemuuliza jirani yake ni nani, aende akafanye vivyo hivyo.

Kwa hiyo mwanangu, hujaagizwa kuibeba Dar es Salaam nzima. Umeagizwa usimame kwa yule uliyekutana naye, utoe ulicho nacho, umshirikishe mwenzako, na urudi kuangalia. Mimi naona kurudi ndiko kunakotushinda wengi. Kutoa mara moja ni rahisi, hasa watu wakiwa wanatazama.

Unajua KCMC, hospitali yetu kubwa pale Moshi, ilivyoanza? Ilifunguliwa mwaka 1971, na waliohangaika kutafuta fedha za kuijenga walikuwa shirika la makanisa lililochukua jina la huyu huyu Msamaria Mwema. Huwa nalikumbuka hilo kila ninaposhuka pale kumwona mgonjwa. Watu walisoma mistari ile michache ya Luka, wakajenga nyumba ya wageni ambayo mpaka leo inapokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga na Singida, wa kila dini.

Shangazi yako alipolazwa, nilikuwa nampelekea mtori. Unajua nisivyopenda mtori wa haraka: ndizi mshare za shambani, nyama ya mfupa iliyochemka mpaka ikaachia, unaponda mpaka mwiko unapita laini, halafu unatia kwenye hotipoti ufike ukiwa wa moto. Kitanda cha pili alikuwepo mama kutoka mbali na mtoto wake mgonjwa. Saa ya kuona wagonjwa wodi inajaa, kila kabati lina chupa ya chai na matunda, ila la kwake lilikuwa na kikombe kitupu na sabuni ya kipande. Hakuomba chochote. Alikuwa amegeukia ukutani akimpepea mtoto kwa khanga, nadhani ili asione wenzake wakila. Shangazi yako, na hali yake ile, akaniambia, "Wifi, mgawie kwanza yule." Nikammiminia. Akashika bakuli kwa mikono miwili, akamlisha mtoto kijiko kwa kijiko mpaka akashiba, ndipo naye akala.

Ningeweza kuishia hapo nikajisikia vizuri. Lakini kesho yake angekula nini? Nililipeleka jambo kwenye ibada ya jumuiya, na wenzangu wakalipokea bila maneno mengi. Yeyote aliyekuwa na safari ya kushuka mjini alibeba chombo cha ziada, uji au ndizi au chai ya maziwa, mpaka yule mama aliporuhusiwa. Hakuna aliyefilisika. Mwenye gari alimpeleka stendi, mwingine akamlipia nauli. Peke yangu nisingeweza, nakwambia kweli.

Hata pale mnadani baada ya ibada, mtu akishanunua mkungu wa ndizi au kuku wa sadaka, utaona mara nyingine anamnong'oneza mtoto aupeleke kwa bibi fulani asiye na mtu. Napenda sana huruma ya namna hiyo. Hizi za kumpiga masikini picha ameshika kilo ya unga na kuiweka kwenye status, mimi siziwezi. Mtu ana aibu yake, na aibu hiyo ni ya kufunikwa. Tena Yesu alishasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.

Kuna jambo hukuniuliza, nami nitalisema kwa kuwa ni mama yako. Kabla ya wanaokuomba, waangalie unaowadai kazi. Yule dada anayekaa na watoto wako anakula saa ngapi, na anakula nini? Mshahara wake unatoka tarehe ile ile, au unasubiri wako ubaki? Sheria ya Musa ilikataza ujira wa kibarua ulale kwako mpaka asubuhi. Mlinzi wa getini akiumwa, unajua? Mtu anaweza kutoa laki kwenye mchango wa ukumbini na nyumbani kwake binti analia jikoni. Sisemi ni wewe. Nasema uangalie.

Na ukichoka, pumzika, wala usijihukumu. Katika Marko sura ya 6 Yesu aliwaambia wanafunzi wake waende faraghani wapumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Ni kweli makutano waliwatangulia huko, naye akawahurumia. Lakini kuchoka kwao alikuona kwanza, na pumziko lilitoka kinywani mwake.

Kwenye magrupu, panga kiasi mwanzo wa mwezi wewe na mkeo, na kikiisha sema kimeisha. Waliofiwa na wagonjwa watangulie, kamati za harusi zitangoja. Anayekuomba barabarani, ukiwa huna, msalimie umtazame usoni. "Pole baba, leo sina" ni neno la mtu kwa mtu mwenzake.

Na baba yako mdogo amenieleza kwamba amekupigia kuhusu ada ya mtoto na hupokei. Hiyo ndiyo kupita kando kwa siku hizi, mwanangu. Hakutarajia uilipe yote. Mwambie unaweza kiasi gani na lini, na kama huwezi mwambie huwezi, ajue atafute pengine mapema. Sisi tumeshakubaliana tutachukua sare na madaftari. Mpigie leo jioni, baada ya saa moja anakuwa ameshatoka shambani.

Wasalimie mkeo na wajukuu zangu.

Mama yako